Tupeane uzoefu: vyakula mbadala vya ng'ombe vilikuokoa au vilikutia hasara?

Mfugaji wa Tengeru: Jana nilitajiwa bei mpya ya pumba za mahindi nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikakumbuka msimu nilioyaamini machicha ya bia, yale mabaki ya nafaka ya kiwandani. Nilikuwa nikiyanunua kwa shilingi 150 kwa kilo na kuwacheka waliong'ang'ania mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, hadi nilipotambua kwamba takriban robo tatu ya mzigo ule ni maji, kwa hiyo kilo ya chakula kikavu ilinigharimu kama shilingi 600, mbali na gari na yale yaliyoota ukungu. Wenzangu mlipigaje hesabu?

Mama wa Siha: Hata mimi nimewahi kuyalipia maji nauli.

Mkulima wa Rungwe: Pandeni kaliandra, mti wa malisho, kwenye kingo za shamba. Kilo 3 za majani mabichi hukaribia protini ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na miche hununuliwa mara moja tu.

Kijana wa Kibaha: Ndugu yangu, huo ni ushauri wa mwenye ardhi. Ng'ombe mmoja huhitaji miti ipatayo 500. Niipande juu ya bati?

Mkulima wa Rungwe: Asiye na ardhi afuge kuku, kijana.

Mama Mjane wa Hai: Acheni kugombana, nami niseme nisilopenda kulisema. Mwaka wa ukame niliambiwa kwamba mabua ya mahindi yakinyunyiziwa mbolea ya urea hugeuka chakula bora, nami nikataka kuepuka gunia moja la mashudu kwa wiki. Niliyeyusha mbolea kwa kukadiria kwa kikombe, nikanyunyiza, kisha nikaingia ndani kumtazama mtoto huku ndoo yenye maji yaliyobaki ikiwa karibu na hori. Niliporudi, ng'ombe wangu mwenye mimba ya miezi saba alikuwa ameyanywa yote. Alitetemeka, povu likamtoka, tumbo likajaa, na kabla jirani hajafika na pikipiki alikuwa amekufa. Gunia nililoliepuka halikufikia hata thamani ya mguu wake mmoja.

Mama wa Siha: Pole sana, dada yangu. Mimi urea siitaki hata nyuma ya banda.

Daktari wa mifugo mstaafu: Pole, mama. Kosa lilikuwa kukadiria na kuacha ndoo, si urea yenyewe: hupimwa kilo 4 kwa kilo 100 za mabua makavu, mabua hufunikwa kwa nailoni wiki 3 bila hewa kuingia, kisha huachwa yapunge hewa kabla ya kulishwa, na ndama wadogo hawapewi kabisa. Ng'ombe aliyekunywa maji ya urea huwahiwa kwa siki na maji mengi ya baridi.

Kijana wa Kibaha: Daktari, nailoni nayo ihesabiwe. Mimi nitauza ng'ombe mmoja ili yule mwingine ashibe.

Mfugaji wa Tengeru: Uza yule anayekamuliwa kidogo, wala usimtazame usoni. Mama wa Hai, ile ndoo uliifanyia nini?

Mama Mjane wa Hai: Ninatunzia mkaa.