Mlango HAUKUKWAMA! Yule DJ wa muvi za kutafsiriwa kaniulia Casino Royale mbele ya mama yangu

Jasusi Mbagala (mleta uzi):

Wakuu, salamu sina leo. Naandika mkono unatetemeka.

Yule DJ. Simtaji, mnamjua wote, sauti yake ikianza tu hata kuku wa jirani wanajua kuna muvi inachinjwa. Leo saa mbili usiku kaichinjia sebuleni kwangu, mama yangu mzazi akiwa shahidi.

Casino Royale ya 2006 ndiyo picha ya ujasusi ninayoipenda kuliko zote. Nimeitazama mara nyingi mpaka najua Daniel Craig, yule James Bond mwenyewe, anavuta pumzi wapi. Mama yuko kwangu tangu Ijumaa, Kiingereza hajui, nikasema leo na yeye aonje. Nikaenda kwa kijana wa kibanda na flashi yangu, akaniwekea ya kutafsiriwa. Nikanunua na karanga. Nikamwekea mama mto mgongoni.

Mwanzo nilivumilia. Pale kambini kwa waasi, mvua inanyesha, skrini imeandika MBALE, UGANDA, majirani zetu kabisa hawa, yeye anatangaza tupo Nigeria. Nikameza. Tukafika Montenegro kwenye poka, kila mtu kaingia mezani na dola milioni 10, yeye anasema wanacheza karata tatu. KARATA TATU! Kama vile wamechuchumaa stendi wanamtapeli abiria wa Singida! Steringi anafunua nne, tano, sita, saba, nane, zote shupaza, jamaa anapayuka "Lasti kadiii!" Nikameza tena, koo likaanza kuuma.

Sasa tufike Venice. Nyumba inazama. Vesper, mpenzi wa Bond, kaigizwa na Eva Green, yuko ndani ya lifti ya nondo. Bond kamfuata. Wanatazamana. Yule dada, kwa mkono wake mwenyewe, anazungusha ufunguo ANAJIFUNGIA. Kwa ndani! Anaibusu mikono ya jamaa kwenye nondo, anarudi nyuma taratibu, anafumbua mdomo, anameza maji.

DJ wetu: "Duh, mlango umekwama!"

Mlango umekwama.

Saa mbili nzima nimemtengenezea mama moyo wake kwa ajili ya sekunde zile. Mama kaacha karanga mkononi, kanitazama, kasema: "Maskini binti wa watu. Ndiyo maana mimi lifti hamnipandishi." Kisha akaenda kuswali.

Yaani kwa mama yangu, Vesper Lynd kauawa na fundi wa lifti! Usaliti wake, wale waliomshika kupitia mpenzi wake wa kabla ya Bond, kwamba alizitoa zile pesa za poka ili Bond abaki hai, vyote vimegeuka matengenezo mabovu! Mlango umekwama! Ufunguo unaonekana, mkono unaonekana, mtoto wa chekechea anaona. Wewe umelipwa kutuelezea tunachokiona halafu hukioni!

Silali leo.

Pilipili Mbuzi:
Uzi bila picha ya mama na karanga ni chai.

Chuma cha Reli:
Mleta uzi povu lote hili kwa mlango? Kwangu yule yule kwenye The Bourne Ultimatum kila mtu akipokea simu anasema "Haloo mjomba". Mkurugenzi wa CIA, mjomba. Mwandishi wa habari pale Waterloo anawindwa na muuaji, mjomba. Nimetoka nikiamini ni ugomvi wa mirathi.

Bibi Karafuu:
Nipo upande wa mama. Lifti si za kuamini. La kwangu mbona dogo: kila wakitaka kubusiana anapeleka mbele, halafu anasema "wakasalimiana". Mpaka picha inaisha watu wamesalimiana mara sita.

Jasusi Mbagala:
Bibi Karafuu, kusalimiana kunarekebishika, mtazamaji anajiongeza mwenyewe. Ufunguo haurekebishiki! Quantum of Solace ya 2008 inaanza pale pale Casino Royale ilipoishia, jamaa kavurugwa kwa ajili ya huyo huyo Vesper. No Time to Die ya 2021, miaka 15 baadaye, bado anapanda hadi kaburini kwake kule Matera. Nani anabeba kidonda miaka 15 kwa sababu ya mlango mbovu? Alijifungia! Kachagua kufa mbele yake na jamaa anamwona anachagua! Naona mkono ule kila nikifumba macho.

Dereva wa Usiku:
Fumbua basi.

Nahodha Mstaafu:
Vijana, poleni. Sisi tuliona hizi picha kwenye sinema za Avalon na Empire pale Dar, skrini pana, hakuna mtu wa kukuchambulia, Kiingereza ukikijua usikijue unakaa kimya. Na niseme kitu kinachoniuma tangu ujana. Mnamlilia huyo Vesper kama vile ndiye wa kwanza. Mwaka 1969 kwenye On Her Majesty's Secret Service, Bond kaoa kabisa, harusi imetoka, maua yako juu ya gari, na mke anapigwa risasi kabla hawajafika popote. George Lazenby kampakata, anamwambia polisi mke wangu amepumzika tu. Huyo kijana alicheza picha moja peke yake na mpaka leo watu wanamcheka. Mnamcheka kwa lipi?

Kitasa cha Shaba:
Shikamoo Nahodha. Lazenby alikuwa mbao. Diana Rigg, huyo mke, ndiye aliyeibeba ile picha mgongoni.

Nahodha Mstaafu:
Marahaba. Mbao ni Roger Moore, kaanza kuwa Bond mwaka 1973 ana miaka 45, kamaliza 1985 ana 57, mbio zenyewe unaona kabisa anakimbiziwa na mtu mwingine. Picha saba hizo.

Shemeji wa Tabata:
Moore usimguse mzee wangu, heshima yako lakini Moore usimguse. Mtu ananyanyua unyusi mmoja tu adui anajua kazi imeisha.

Chuma cha Reli:
Mnabishania wazee na miwani zao. Jasusi ni mmoja tu, Jason Bourne. Anapiga watu kwa kitabu. KITABU.

Kitasa cha Shaba:
Anapiga nani? Nani kaona? Yule mwongozaji Paul Greengrass anashika kamera kama yuko kwenye daladala ya mlima Kitonga. Ile ngumi ya Tangier nimeiangalia mara nne sijui nani kampiga nani. Doug Liman, aliyeongoza ile Bourne ya kwanza mwaka 2002, alitulia, watu tukaona, shida ilianza pati ya pili.

Chuma cha Reli:
Ultimatum ilichukua Oscar tatu, uhariri na mbili za sauti, na ilipendekezwa hizo hizo tatu. Hizo nazo walimpa dereva wa daladala?

Dereva wa Usiku:
Wote mnaongopa. Tom Cruise 2017 kavunjika kifundo cha mguu kwenye paa la London akirekodi Mission: Impossible – Fallout, akajivuta juu, akaendelea kukimbia na mguu umevunjika, na ndiyo picha waliyoiweka kwenye muvi. Craig wenu angeita gari la wagonjwa.

Jasusi Mbagala:
Jamani naomba turudi kwenye mlango.

Pilipili Mbuzi:
Umekwama.

Jasusi Mbagala:
Pilipili sijacheka. Nimeirudia sasa hivi kwenye simu bila DJ, nimehesabu. Kule chini ya maji, mpaka anabusu mikono, kimya. Mwongozaji Martin Campbell kamwacha Eva Green afanye kazi kwa macho peke yake. Huyu huyu Campbell aliyemleta Pierce Brosnan kuwa Bond na GoldenEye 1995, mtu anajua kazi, kaacha kimya kwa sababu kimya ndicho kinachoua. Na humo ndani ya kimya ndimo jamaa kaingiza mdomo! Angenyamaza! Sikumwomba hata atafsiri, pale hakuna cha kutafsiri!

Bibi Karafuu:
Mwanangu mwambie mama ukweli asubuhi akinywa chai.

Jasusi Mbagala:
Nimemwambia usiku huu huu mlangoni kwake. Kasema "sawa baba, alijifungia, lala".

Mkaa Jikoni:
Samahani kuingilia. Mimi nina kesi kubwa kuliko ya mlango. Niliomba kwa kijana wa kibanda Bourne ya tatu, kaniwekea The Bourne Legacy ya 2012. Humo ni Jeremy Renner. Nimekaa saa mbili na zaidi namsubiri Matt Damon, Bourne mwenyewe, atokee. Anatokea kwenye picha ya mnato tu, basi! Nikawa najipa moyo, labda mwisho. Mwisho wako kwenye boti wanaangalia ramani.

Chuma cha Reli:
Hapa mkuu nakulilia machozi. Hilo ni kosa la jinai.

Shemeji wa Tabata:
Afadhali wewe. Mimi shemeji wangu kanipigia simu mwaka 2021 kunisalimia, katikati ya salamu akasema "unajua Bond kafa?" Nilikuwa sijaiona No Time to Die. Mpaka leo akipiga namtuma dada yako apokee.

Kitasa cha Shaba:
Dada yangu?

Shemeji wa Tabata:
Mke wangu. Vidole vimeteleza.

Nahodha Mstaafu:
Na Bond ajaye ni nani? Nasikia Denis Villeneuve ndiye kapewa kuongoza. Idris Elba kazaliwa 1972, wamemchelewesha mpaka wamemzeesha.

Dereva wa Usiku:
Moore kaanza na 45 mzee, umesema mwenyewe.

Nahodha Mstaafu:
Ndiyo maana nikasema mbao.

Pilipili Mbuzi:
Mwenye Tinker Tailor Soldier Spy ya Gary Oldman isiyo na DJ anitumie. Ile wanaongea kwa minong'ono, DJ akiingia humo ni mazishi.

Kitasa cha Shaba:
Ninayo. Njoo na flashi, leta iliyosafishwa virusi, ya mara ile iliniulia kompyuta.

Bibi Karafuu:
Mkaa Jikoni, ulirudishiwa hela yako lakini?

Mkaa Jikoni:
Hakurudisha. Kaniongezea tamthilia ya Kikorea, pati ya tatu, ya kwanza na ya pili hana.

Bibi Karafuu:
Inaitwaje? Labda mimi ninazo.