Dragon Quest VII: je, urefu wake una sababu, au ni kupotezeana muda?

Baharia_Mgeni anauliza:

Habari zenu ndugu. Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikicheza Dragon Quest VII, mchezo wa video wa hadithi na mapambano, lile toleo la Nintendo 3DS lililotoka nje ya Japani mwaka 2016, na saa ya mchezo inaonyesha kwamba nimeshatumia saa 31. Nimemaliza mambo ya Alltrades Abbey, yaani mahali ambapo wahusika huanza kuchagua kazi kama vile upiganaji, ukuhani na uchawi, na nimeshtuka kusoma kwamba wachezaji wengi huvuka saa 100 kabla ya kufika mwisho. Maana yake sijafika hata theluthi ya safari.

Sisemi kwamba mchezo ni mbaya. Visa vya visiwani vimenigusa, hasa kile cha kijiji kilichonyeshewa mvua ya kijivu hadi watu wote wakageuka mawe. Ninachoshindwa kukielewa ni mpangilio wenyewe. Natafuta vipande vya bamba la jiwe, navipanga juu ya kinara, nasafirishwa hadi zamani, naokoa kisiwa, narudi wakati wa sasa, nakuta kisiwa kimeibuka baharini, nakizunguka tena kutafuta vipande vingine, kisha naanza upya. Ukiniuliza hadithi kuu inahusu nini na adui mkuu ni nani, sina jibu la kukupa.

Kuna na jambo jingine ambalo limenivunja moyo kabisa. Tangu mwanzo nilikuwa nikimlisha Kiefer kila mbegu ya nguvu niliyoipata (anayeila huongezeka nguvu moja kwa moja), kwa sababu alikuwa mpiganaji wangu hodari, na ni mwana wa mfalme, rafiki wa tangu utotoni wa mhusika wetu. Sikudhani hata siku moja kwamba angeamua kubaki zamani na kutuacha moja kwa moja. Mbegu zote zimekwenda naye.

Naomba maoni ya waliomaliza. Je, huko mbele vitu hivi vinaungana, au nitaendelea kuokota vipande hadi mwisho?

MsomaVisiwa anajibu:

Ndugu Baharia, pole kwa Kiefer. Tuliocheza bila kuambiwa, wengi wetu tulimlisha mbegu hizo hizo, na naamini watunzi walijua kwamba tungefanya hivyo.

Nimeucheza mchezo huu mara mbili: kwanza toleo la PlayStation, ambalo lilitoka Japani tarehe 26 Agosti 2000 likiwa na diski mbili, halafu hilo la 3DS ulilonalo. Jibu langu ni kwamba urefu wake una sababu, ila sababu hiyo haionekani kwa mtu anayecheza akimtafuta adui mkuu. Michezo mingi ya aina hii hukupa adui tangu saa ya kwanza, na kila unachofanya ni hatua ya kumkaribia. Huu unakupa dunia iliyobaki kisiwa kimoja tu, Estard, ambako watu wanavua samaki, wanapika, wanagombana na kuoana, wala hawajui kwamba wamepungukiwa na chochote. Kazi yako ni kuirudisha dunia kipande kwa kipande, na dunia hairudi kwa saa 20.

Nikupe mfano ambao umeshaupita. Unakumbuka ule ufalme ulioshambuliwa na wanasesere wa mashine, na yule fundi mpweke, Zebbot, aliyeunda mashine yenye utu kwa kumkumbuka mchumba wake aliyefariki? Zamani unamwacha fundi yu hai. Unaporudi wakati wa sasa, baada ya karne nyingi, unaikuta nyumba yake imechakaa, na ndani yake ile mashine bado inapika supu. Kitandani pamelala mifupa. Mashine inaamini kwamba bwana wake anaumwa, na kwamba supu ikiiva atainuka. Mimi nilisimama katika chumba kile muda mrefu bila kubonyeza kitufe chochote. Sasa jiulize: kisa hicho kingewezekanaje kama tungetembelea kila mahali mara moja tu? Huzuni yake inatokana na kwamba wewe ulimwona fundi akizungumza jana, na yeye amekufa zamani sana. Kule kurudi mara ya pili, ambako wewe unakuona kama mzigo, ndiko kunakobeba hadithi.

Huko mbele kuna kijiji kingine ambacho sitakieleza kwa kirefu. Nitasema tu kwamba kinamhusu kasisi aliyekubali kugeuzwa zimwi ili watu wake wanusurike, na jinsi watu hao walivyomtendea. Baadaye utafika mahali hapo hapo katika wakati wa sasa na kusikiliza jinsi wajukuu wa wajukuu wanavyokisimulia kisa hicho, na utagundua kwamba wewe na wenzako ndio pekee mnaojua kilichotokea kwa hakika. Nimecheza michezo mingi, lakini hasira niliyoipata siku ile sijaipata katika mchezo mwingine wowote.

Ushauri wangu ni wa namna ya kucheza. Usikae chini ukisema leo nitacheza saa nne. Sema leo nitamaliza kisiwa kimoja, zamani yake na sasa yake, kisha funga mchezo, hata kama ulikuwa bado na hamu. Pili, tumia mazungumzo ya wenzako kila unapoongea na mtu au kuingia mahali papya. Maribel ana maoni kuhusu karibu kila mtu mnayekutana naye, Ruff huyatazama mambo kama mtoto aliyekuwa mbwamwitu hadi juzi, na maneno yao hubadilika kadiri tukio linavyosonga. Anayepita bila kuwasikiliza amekosa sehemu kubwa ya uandishi wa mchezo huu, na kwake visiwa vitafanana kweli.

Kigingi anajibu:

Naheshimu maelezo ya MsomaVisiwa, na kuhusu visa nakubaliana naye. Hata hivyo naona si haki kumwambia ndugu yetu kwamba tatizo ni namna anavyocheza. Mchezo wenyewe una kasoro, na tusizifunike kwa sababu tunaupenda.

Mimi niliacha nikiwa na saa 64. Kilichonichosha hakikuwa visa, bali kazi ya mikono inayovizunguka. Toleo la 3DS lilifanya mema mengi: mazimwi yanaonekana kabla hujapigana nayo, utangulizi umefupishwa (katika toleo la mwaka 2000 mtu angeweza kucheza saa mbili au zaidi kabla ya pambano la kwanza), na kuna rada kwenye skrini ya chini inayoashiria kipande kilipo. Pamoja na hayo, bado utafika siku ambapo umepungukiwa kipande kimoja cha rangi fulani, na kipande hicho kiko kwenye kisiwa ulichokimaliza wiki tatu zilizopita, nyuma ya mlango ambao zamani zile hukuwa na sababu ya kuufungua. Siku hiyo husomi hadithi yoyote. Unazunguka tu.

Mfumo wa kazi nao unachelewa mno. Mtu anafika Alltrades Abbey akiwa na hamu ya kujenga wahusika wake, na kitu cha kwanza anachofanyiwa ni kunyang'anywa ujuzi na uchawi wote aliojifunza, kisha apigane hivyo hivyo kwa saa kadhaa hadi aurudishe. Baada ya hapo kila kazi hupanda daraja kwa idadi ya mapambano, na mapambano dhidi ya mazimwi dhaifu hayahesabiwi. Katika toleo la PlayStation mtu angalau alibaki na ujuzi wa kazi alizozipitia. Katika toleo la 3DS, ujuzi wa kazi za juu unautumia tu ukiwa ndani ya kazi hiyo. Kwa hiyo jasho ni lile lile na mavuno yamepungua.

Nadhani mchezo huu ungekuwa bora zaidi kama ungepunguzwa robo. Sisemi kisiwa hata kimoja kiondolewe. Ningepunguza mapango yanayopitiwa mara mbili na minara yenye ghorofa nyingi ambayo haina mtu wa kuzungumza naye.

MsomaVisiwa anajibu:

Ndugu Kigingi, kuhusu mapango nakubali bila ubishi. Ipo minara ambayo hata leo ningeomba niivuke. Kuhusu kunyang'anywa ujuzi pale Alltrades, hapo naomba tutofautiane. Tukio lile linahusu mji wa watu waliopokonywa uwezo wao na wakaanza kuuwinda kwa wenzao, na mchezaji asingeuelewa uchungu wao kama yeye mwenyewe angebaki na miujiza yake yote mfukoni. Ni tukio refu, ndiyo, lakini ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sheria za mchezo na maana ya hadithi vinakuwa kitu kimoja.

Na kwa swali la hadithi kuu: inaungana. Katika toleo la zamani, diski ya kwanza inaishia pale ambapo michezo mingi ingeandika neno mwisho, halafu unawekewa diski ya pili na unaanza kuyatilia shaka yale uliyodhani umeyakamilisha. Naishia hapo.

Daftari_la_Mbegu anajibu:

Nijibu la mbegu, kwa kuwa naona limepitwa haraka. Ndugu Baharia, hasara yako si kubwa kama unavyohisi. Mbegu za nguvu ulizozipata kabla ya Alltrades ni chache zikilinganishwa na zitakazokuja, na kazi utakayompa mhusika ina uzito mkubwa zaidi katika nguvu zake kuliko mbegu tano au sita. Kuanzia sasa mpe mhusika mkuu peke yake, maana ndiye asiyeweza kukuacha. Maribel naye ataondoka kwa kipindi fulani, ingawa yeye hurudi, kwa hiyo usishtuke.

Kazi zako zipange mapema. Usimrukishe mtu kutoka kazi moja hadi nyingine kila anapopata ujuzi mmoja. Mwache aimalize moja hadi daraja la mwisho, kwa kuwa kazi za ngazi ya kati hufunguka kwa kukamilisha zile za msingi.

Nina neno moja kuhusu Kiefer ambalo si la mbegu. Wako wanaosema kuondoka kwake ni hila ya watunzi ili kumshtua mchezaji. Mimi sioni hivyo. Tangu saa ya kwanza kijana yule anasema wazi kwamba hajui kwa nini alizaliwa mwana wa mfalme, na kwamba anatafuta jambo lake mwenyewe la kufanya duniani. Wewe ulikuwa ukitafuta vipande vya mawe. Yeye alikuwa akitafuta hicho, na amekipata kabla yako. Ukikutana na Aishe, mwenzenu atakayejiunga nanyi baadaye, mchunguze vizuri anatoka kwa watu gani.

Baharia_Mgeni anajibu:

Nawashukuru nyote, na namshukuru zaidi Kigingi kwa kutonificha kasoro, maana kama ningeambiwa sifa tupu nisingeamini.

Jana nilifanya kama nilivyoshauriwa, ila nilianza kwa kurudi nyuma. Niliporudi Estard mara ya kwanza baada ya Kiefer kubaki, nilipeleka habari kwa mfalme kwa haraka, nikibonyeza kitufe mfululizo ili nipate kipande kinachofuata. Safari hii niliingia kasri polepole, nikazungumza na walinzi, wapishi na watumishi mmoja mmoja, na baada ya kila mmoja nikawauliza wenzangu wanaonaje. Ilinichukua karibu saa nzima, wala sikupigana hata mara moja. Kilichonishangaza ni kwamba kasri lile nilikuwa nalipita tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kulifikiria kama nyumba ya mtu.

Kisha nikapanda chombo nikatazama ramani. Mwanzoni ilikuwa bahari tupu na kisiwa chetu peke yake. Sasa vimeongezeka visiwa kadhaa, na niliweza kukitaja kila kimoja kwa mtu niliyemkumbuka huko: kile cha mtoto aliyebaki peke yake baada ya mvua, kile cha mashine na supu. Sikuwa nimegundua kwamba naikumbuka dunia hii kwa watu wake.

Bado sijaridhika na mapango, na hapo niko upande wa Kigingi. Nitaendelea kwa mtindo wa kisiwa kimoja kwa mkao mmoja. Kwa sasa nimekwamia kipande kimoja cha rangi nyekundu: rada inamulika kila ninapopita karibu na kisima cha kijiji, na nimeshashuka kisimani mara mbili bila kuona kitu. Anayekumbuka anisaidie, lakini naomba anielekeze upande wa kutazama tu, asinitajie mahali penyewe.