Tupeane uzoefu: umegongwa ndani ya geti, nani analipa?

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu kuhusu ajali zinazotokea ndani ya uzio wa nyumba, kumbi na maghala, mahali ambapo wengi wetu huamini kwamba sheria haifiki. Ninaishi Isevya, Tabora, katika nyumba ya wapangaji wanne tunaotumia ua mmoja. Jioni moja ya Ramadhani jirani yangu, akiwahi futari, alirudi nyuma bila kutazama, akaligonga gari langu lililoegeshwa chini ya mwembe; taa ikasambaratika na bampa likaning'inia upande mmoja. Aliahidi kulipa, nikaridhika na maneno yake, tukasogeza magari. Baada ya wiki tatu akadai kwamba niliegesha vibaya. Wakala wangu alinieleza kwamba bima ndogo niliyokata hailipi gari langu mwenyewe, hivyo nimdai jirani na kampuni yake ya bima, ambayo nayo ilitaka taarifa ya polisi na picha za tukio. Sikuwa na hata kimoja.

Kutoka Gungu, Kigoma:
Pole sana, ndugu. Mimi niligongwa kwenye maegesho ya ukumbi wa harusi, na mlinzi akanionyesha kibao kinachosema kila mtu anaegesha kwa hasara yake, kana kwamba shauri limekwisha. Kibao kile aliweka mwenye ukumbi kwa ajili ya kujikinga yeye. Hakimfutii uzembe dereva aliyenigonga. Nilipiga picha kabla gari lolote halijasogezwa: namba, stika ya bima, na matairi yake yaliyokuwa yamegeuzwa kushoto. Aliposema kwamba mimi ndiye niliyemfuata, picha ya matairi ilimaliza ubishi.

Kutoka Tabora mjini:
Nimefanya kazi ya bima kwa miaka mingi, na naomba tutenganishe mambo mawili. Kosa halipimwi kwa geti: anayerudi nyuma ana wajibu wa kuhakikisha njia iko wazi, ingawa aliyeegesha akiziba njia anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Bima ni suala jingine. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha bima kwa gari linalotumika barabarani. Kwa hiyo kwa ajali ya uani someni mkataba wenyewe, hasa sehemu ya mambo yasiyolipwa. Msikiri kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuijulisha kampuni. Akiumia mtu, msiandikishane kienyeji hata kidogo; nendeni polisi, mchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali. Kampuni ikikataa dai lako na hukuridhika, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni sana. Usiku ule jirani aliniandikia ujumbe kwenye simu kwamba kesho yake angekwenda kwa fundi kuulizia bei ya taa. Je, unafaa?

Kutoka Tabora mjini:
Unafaa. Usiufute, uchapishe ukiwa na tarehe na namba yake, kisha uuambatanishe na barua ya madai.