Naombeni ushauri: wanakuja kunifungia mita janja Alhamisi, nikubali au nikatae?

BintiChangombe
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa haraka maana nina siku tatu tu. Nyumba iko Chang'ombe hapa Dodoma, vyumba sita, wote tunatumia LUKU moja ya zamani, ile ya kubonyeza namba ukutani. Wiki iliyopita walipita vijana wa umeme, wakasema mtaa mzima unabadilishiwa na kwangu ni Alhamisi. Sasa kila mtu anasema lake. Jirani mmoja anasema inakula umeme kama nini. Mwingine anasema ndiyo nzuri, ukilipa kwenye simu umeme unaingia wenyewe. Wengine wanasema wanakukatia wakiwa wamekaa ofisini. Silali jamani. Naweza kuomba waniachie hii ya zamani? Mliokwisha kuitumia nielezeni faida na hasara zake.

ChaliiWaNgongona
Dada kubali tu. Mita ikiwa janja na wewe unakuwa mjanja, mnakwenda sawa.

FundiWaya
Dada, mambo ya "inakula umeme" nayasikia kila nikipanda ngazi. Yuniti moja ni yuniti moja kwenye mita yoyote nzima. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula yuniti moja, iwe kwenye mita ya zamani au janja. Watu wanalia kwa sababu mita chakavu hukosea, na ikitolewa wanaona matumizi yao halisi. Au wamehamishwa daraja la bei bila kujua. Ukiwa D1, daraja la watumiaji wadogo, yuniti 75 za mwezi unazipata kwa shilingi 9,150 pamoja na kodi na tozo. Ukiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, elfu kumi inakupa yuniti 28 tu. Nyumba ya vyumba sita haiwezi kukaa ndani ya yuniti 75, kwa hiyo sitashangaa kama uko T1 tangu zamani.

Faida yake: mita inawasiliana na mitambo ya shirika. Ukinunua, yuniti zinaingia bila kubonyeza tarakimu 20. Mfuniko ukifunguliwa inatoa taarifa, umeme ukikatika kwako wanaweza kuona. Hasara: mtandao ukisumbua, yuniti zinachelewa na inabidi uingize namba kwa mkono kama zamani, kwa hiyo ile meseji ya tokeni usiifute. Na kweli, wanaweza kukata bila kufika kwako. Tena haipunguzi matumizi hata chembe. Inakuonyesha tu.

MzeeWaMtera
Nyie watoto mmekuta LUKU tayari. Sisi tulikuwa na mita za kisahani kinachozunguka, na msoma mita akikuta mlango umefungwa anakadiria. Mwaka mmoja nilikwenda kuzika Kondoa, nikakaa wiki sita, nyumba imefungwa kabisa. Narudi nakuta bili kubwa kuliko ya mwezi wa Krismasi! Nilibishana dirishani mpaka sauti ikakauka, na bado nililipa. Ilipokuja LUKU miaka ya tisini watu waliikataa hivi hivi, wakasema ni ya kuwaibia maskini. Mimi niliifurahia tangu siku ya kwanza, maana hakuna tena mtu wa kunikadiria. Kubali mwanangu.

MamaZabibu
Mimi nasema shida si mita, shida ni wapangaji. Nina vyumba vinne Nkuhungu. Ikifika Juni na baridi yetu hii ya asubuhi, kila mmoja anatumbukiza hita kwenye ndoo. Hita ya wati 1,500 kwa dakika ishirini ni nusu yuniti, zidisha kwa watu wanne halafu kwa siku thelathini. Halafu kwenye kuchanga, wa chumba cha pili anasema yeye ana taa moja na redio. Niliweka mita ndogo kila chumba na ugomvi ukaisha. Mita janja moja kwa vyumba sita itakwambia jumla tu, haitakwambia nani kapika maharage kwa jiko la koili.

BintiChangombe
Asanteni sana. FundiWaya, kwa hiyo ukinunua umeme nani anapata taarifa? Yule kijana alisema wataandika jina, namba ya simu na NIDA, na taarifa zote zitakuwa zinakwenda kwenye hiyo namba.

FundiWaya
Tokeni anaipata aliyelipa. Ila mwenye namba iliyosajiliwa ndiye mteja, huyo anaweza kuuliza matumizi na manunuzi ya mita yake. Kwani sasa hivi mita iko kwa jina la nani?

BintiChangombe
Ya nyumbani tu. Ninachotaka kujua ni kama inakula umeme.

AfisaMstaafu
Binti, Fundi ameshakujibu kuhusu kula umeme, aya nzima. Wewe umerudi na swali la nani anapata taarifa, halafu umeruka la jina. Jibu tukusaidie.

BintiChangombe
Sawa. Iko kwa jina la baba. Alifariki 2019. Laini yake ya simu anayo kaka yangu mkubwa, yuko Mpwapwa. Sidhani kama hilo linahusiana na mita. Mimi ndiye ninayenunua umeme miaka yote hii. Ile 2024 tulipotakiwa kuingiza namba seti tatu ili mita isigome, nilikuwa mimi juu ya stuli na tochi mdomoni, kaka hakupiga hata simu. Kwa hiyo nimeshawapa jina langu na namba yangu, na mwenyekiti wa mtaa ameniandikia barua. Sioni kosa.

AfisaMstaafu
Barua inasemaje?

BintiChangombe
Kwamba mimi ndiye mwenye nyumba.

AfisaMstaafu
Hapo ndipo penye tatizo. Mita kuwa na jina lako si hati ya nyumba, ni mkataba wa kupata umeme tu, na mtoto kulipia umeme wa kwao hakuna anayemlaumu. Lakini barua inayosema nyumba ya marehemu ni yako, wakati mirathi haijafunguliwa, siku ikiwekwa mezani mbele ya hakimu itakuumiza wewe kabla ya mtu mwingine. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo RITA, mmoja wenu aombe usimamizi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, mita ataandikisha yeye mchana kweupe.

MamaZabibu
Mirathi jamani! Sisi tulizungushana miaka minne kwa shamba la zabibu la Hombolo. Tulipomaliza, mizabibu yote ilikuwa imekauka kwa kukosa wa kupogoa. Dada yangu mpaka leo hatuli sahani moja.

JichoLaIpagala
Samahanini, mimi kuna kitu hakiniingii. Mwezi wa tatu BintiChangombe huyu huyu alifungua uzi humu akilia mwenye nyumba wake Ipagala kampandishia kodi ya chumba. Nilimjibu mimi mwenyewe. Leo ana nyumba ya vyumba sita Chang'ombe? Hii ni chai wakuu.

ChaliiWaNgongona
Chai ya rangi, tena yenye tangawizi. Nilishaanza kumwonea huruma.

MzeeWaMtera
Kama ni uongo si vizuri. Mimi nimeandika yote yale kwa kidole kimoja.

BintiChangombe
Si uongo. Nimepanga Ipagala kwa sababu ndiko kazini kwangu, na sikutaka kukaa chumba ambacho kinaweza kuingiza kodi.

JichoLaIpagala
Mwanzo umeandika "wote tunatumia LUKU moja". Tunatumia na nani kama wewe hukai huko? Na kodi ya vyumba sita anapokea nani?

BintiChangombe
Napokea mimi.

Kaka na dada wanajua vyumba vitatu ndivyo vyenye watu. Haya, nimesema. Vile vitatu vya uani nilivipaua mimi kwa mkopo wa kikundi, vilikuwa vimebaki kuta na popo. Baba ameugua miaka miwili, nani alikuwa anamgeuza usiku? Kaka alikuja mara mbili. Sijamwibia mtu. Lakini mita ikibaki kwa jina la baba na ile laini iko kwake, siku akiuliza matumizi ataona umeme unaonunuliwa pale si wa vyumba vitatu. Ndiyo maana nilitaka iwe kwa jina langu kabla hajajua kama kuna mabadiliko.

MamaZabibu
Pole mdogo wangu. Kumgeuza mgonjwa usiku nakujua, mama yangu nilimgeuza hivyo hivyo. Lakini ungewaambia vitatu vya uani ni vyako kwa sababu umevipaua, na risiti za bati unazo, nani angekataa? Sasa umevificha, vimekuwa kama vya wizi.

AfisaMstaafu
Risiti zitunze. Gharama alizotumia mtoto kwenye nyumba ya marehemu zinaweza kuzungumzwa kwenye kikao na zikaandikwa. Vyumba vilivyofichwa ndivyo vigumu kuvizungumza. Ile barua irudishe kwa mwenyekiti kabla ya Alhamisi.

JichoLaIpagala
Nafuta neno la chai, dada. Nisamehe.

BintiChangombe
Nimempigia dada yangu wa Singida kwanza, maana kaka siwezi. Hajapokea. Nimemwandikia meseji ndefu kuhusu vile vitatu, naona ameshaisoma. Barua ninayo mkononi, mwenyekiti nitamwona kesho asubuhi. FundiWaya, vijana wa Alhamisi niwaambieje?

FundiWaya
Waambie ukweli, kwamba mteja amefariki, wafunge mita kwa taarifa zile zile za zamani na jina litabadilishwa msimamizi akipatikana. Kubadilisha mita ni jambo moja na kubadilisha jina ni jingine. Kabla hawajang'oa ya zamani, piga picha namba ya mita na yuniti zilizobaki, ili zihamishiwe kwenye mpya. Na kama kuna deni, liulizie hapo hapo, usije ukanunua elfu ishirini ukakuta nusu imekwenda kwenye deni.

BintiChangombe
Zimebaki yuniti 41. Dada anapiga, ngojeni nipokee.