Istilahi za magonjwa ya virusi vya njia ya hewa: kutoka Kiingereza kwenda Kipolandi

Swali
Ndugu wafasiri, ninatafsiri kijitabu cha wazazi wa watoto wachanga kuhusu virusi vya RSV. "Flu" nimeiandika *grypa* na "common cold" *przeziębienie*, na kwa hayo sina wasiwasi. Kinachonisumbua ni "bronchiolitis", ambayo kamusi yangu ndogo inaipa tafsiri ileile ya "bronchitis", pamoja na "chest infection", ambayo neno kwa neno inakuwa *infekcja klatki piersiowej*. Je, mzazi wa Kipolandi ataelewa?

Jibu la kwanza
Tafadhali usiifuate kamusi hiyo. "Bronchitis" ni *zapalenie oskrzeli*, uvimbe wa mirija mikubwa ya hewa. "Bronchiolitis" ni *zapalenie oskrzelików*, uvimbe wa vijirija vyembamba vya ndani kabisa ya mapafu, na RSV ndiyo kisababishi chake kikuu kwa watoto walio chini ya miaka 2. Majina hayo yanatofautiana kwa silabi moja tu, kwa hiyo hata mhakiki makini anaweza kulipita kosa bila kuliona, ilhali mtoto mwenye ugonjwa huo wa pili anaweza kuchoka kupumua hadi akahitaji oksijeni hospitalini. Kagua kila mahali yalipotokea kabla ya kukabidhi kazi.

"Chest infection" ni lugha ya kawaida ya Waingereza inayojumuisha mkamba na nimonia. Andika *zakażenie dolnych dróg oddechowych*, yaani maambukizi ya njia ya chini ya hewa.

Jibu la pili
Naafikiana na mwenzangu. Jihadhari pia na *angina*: kwa Mpolandi ni mafindofindo, lakini kwa Kiingereza ni maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ambayo Kipolandi huyaita *dławica piersiowa*.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, SARS na ARDS nizitofautishe vipi?

Jibu la pili
Hapo hatari ni kubwa zaidi. SARS, ugonjwa wa virusi uliozuka mwaka 2002, huandikwa *zespół ciężkiej ostrej niewydolności oddechowej*. ARDS, hali ya mapafu kushindwa kazi ghafla kwa sababu mbalimbali, ni *zespół ostrej niewydolności oddechowej*. Neno *ciężkiej* pekee ndilo linalozitenga, hivyo acha kifupisho kando ya jina refu kila linapotajwa.