Mjadala: Katika kuvu inayofugwa na mchwa, uteuzi asilia hupima kichuguu kizima au ukoo wa kuvu?

Mleta mada: Wapo wanaoshikilia kwamba kichuguu, pamoja na mchwa na kuvu yao ya Termitomyces, ni kiumbe kimoja kinachopimwa kwa ujumla wake na uteuzi asilia, yaani mchakato ambao wenye sifa zinazofaa huacha uzao mwingi zaidi. Napinga dai hilo.

Ukivunja kichuguu cha Macrotermes, jenasi mojawapo ya mchwa wanaofuga kuvu, utakuta masega yaliyofinyangwa kwa kinyesi cha mchwa waliokula majani makavu na miti iliyokufa, na juu yake vinundu vyeupe vidogo kama vichwa vya pini. Mchwa vijana hula vinundu hivyo pamoja na majani, na spora zilizomo, yaani chembe za uzazi za kuvu, hupita kwenye utumbo bila kufa, kisha hutoka na kinyesi kinachorundikwa juu ya sega. Kwa hiyo ukoo wa kuvu, yaani uzao wenye jeni zilezile, unaozaa vinundu vingi ndio unaopandwa tena kwa wingi.

Katika aina nyingi za mchwa hawa, kumbikumbi huondoka bila kuvu. Kichuguu kipya huipata baadaye, wakati vibarua wa kwanza wanapotoka kutafuta chakula na kurudi na spora za uyoga uliochipuka kwenye vichuguu vingine. Koo kadhaa zinaweza kuingia kwa pamoja, na bado kichuguu kilichokomaa hukutwa na ukoo mmoja tu. Mwaka 2009 Duur Aanen na wenzake walieleza sababu: nyuzi za ukoo mmoja zikikutana huungana, na zikiungana huzaa spora kwa ufanisi zaidi, hivyo ukoo uliotangulia kwa wingi huzidi kuongezeka na ulio mchache hupungua hadi kutoweka. Umoja tunaousifu katika kichuguu umezaliwa na ushindani wa ngazi ya chini yake.

Mchangiaji: Umeeleza umoja ulivyopatikana, hujaeleza kwa nini ushirika huu umedumu takriban miaka milioni 30. Ukoo ukishabaki peke yake, tofauti inayobaki ni ya kichuguu na kichuguu, na hapo ndipo uteuzi wa kundi unapofanya kazi.

Mleta mada: Tofauti hiyo ipo, ila maslahi hayajawa mamoja, na ushahidi ni uyoga wenyewe. Kwa kuvu, uyoga ndiyo njia ya kufika kwingine. Kwa mchwa walioilisha, ni chakula kilichopotea, kwa kuwa spora zake zitaanzisha mashamba ya wengine, ambao huenda wakawa washindani wao. Hali ni tofauti kwa Macrotermes bellicosus, ambao mfalme huruka na spora za nyumbani, na kwa jenasi nyingine ya mchwa, Microtermes, ambao mbebaji ni malkia. Huko kuvu hurithiwa kwa mzazi mmoja, na mafanikio yake hufungamana na kumbikumbi wa kichuguu kile kile. Hoja ya kiumbe kimoja ina nguvu kwa hao. Kwa Macrotermes natalensis, ambao huokota spora nje, naomba mwenzangu aonyeshe ni nini kinachoizuia kuvu kuelekeza nguvu zake kwenye uyoga badala ya vinundu, bila kudhani tangu mwanzo kwamba inakitumikia kichuguu.