Tupeane uzoefu: ushauri wa pumu ya watoto unaozunguka WhatsApp, mnaupimaje?

Mama Kisauni: Kuna sauti inasambazwa tena, ati inhela inamzoesha mtoto, aachishwe, apewe habat soda na asali. Nimekumbuka mayai ya kware ya 2014, yale yaliyouzwa kama dawa. Nyie mnaanzia wapi?

Bahari27: Tazama anauza nini. Na asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka 1, hata kijiko.

Fundi Dawa: Naangalia kama anatenganisha dawa mbili. Salbutamol hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache, lakini uvimbe wa ndani haiugusi. Beclometasone au budesonide ndizo za uvimbe, kila siku, hata mtoto akiwa anacheza mpira. Anayesema "acha inhela" bila kusema ipi, hajui anachosema. Msishike rangi ya kopo, shikeni jina.

Mwana wa Likoni: Kweli kabisa.

Nesi Changamwe: Inayonitisha ni ile video ya kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji moto "mpaka kifua kinyamaze". Jamani! Mvuke haufungui njia iliyobana, na maji yale yanaunguza. Tena kunyamaza ndiyo hatari yenyewe: ule mlio wa filimbi unatoka hewa ikipita, isipopita hakuna mlio. Mbavu zinabonyea, neno moja moja ndiyo linatoka, midomo inageuka samawati, na mzazi anashukuru kuwa katulia. Hapo ni hospitali mbio, pafu (mipulizo) za salbutamol zikiendelea njiani.

Bahari27: Pafu ngapi? Huku 2, kule 10. Kumi ni sumu!

Nesi Changamwe: Si sumu. Pafu moja ni mikrogramu 100, kumi ni 1,000. Nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu, ya mtoto mdogo huwekewa 2,500.

Fundi Dawa: Someni agizo limeandikiwa nani. Waingereza: pafu moja kila sekunde 30 hadi 60, mwisho 10, kisha ambulensi. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, kwa wa miaka 5 kushuka: pafu 2, rudia baada ya dakika 20, zikipita 6 ndani ya saa 2, hospitali.

Mwana wa Likoni: Wao wanahesabu ambulensi. Sisi tunahesabu foleni ya feri. Usingoje ya kumi, ondoka.

Mama Kisauni: Na ile ya chupa ya soda kuwa speisa, kile chombo cha kuvutia dawa ya inhela?

Nesi Changamwe: Hiyo ni kweli. Chupa ya plastiki ya nusu lita, kavu. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liukabe mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa gundi. Tikisa, pafu moja, mtoto avute pumzi 5 au 6 kwenye mdomo wa chupa, ndipo nyingine. Utafiti wa Cape Town wa 1999 uliikuta sawa na speisa ya dukani. Mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji yenye barakoa.

Mji wa Kale: Mbona hamtaji moshi unaochokoza pumu, wa udi na dawa ya mbu ya kuwasha?

Bahari27: Ijumaa bila udi?

Mji wa Kale: Fukiza nguo uani, mtoto akiwa kwa jirani.